Tupite Kisiwani au Barabara Kuu?



Vijana wenzangu, somo la leo ni juu ya fadhila ya busara, na nitalianza na safari ambayo niliiharibu mwenyewe. Fungueni Kut 13:17-18 na Mwa 33:12-14, muache zikiwa wazi. Tutazihitaji.

Baada ya kumaliza falsafa nilipangiwa mwaka wa kichungaji katika parokia moja huku Makumira. Wanaopajua wanajua: uko kati ya Tengeru na Usa River, Mlima Meru umekusimamia mgongoni, na majirani wengi ni Walutheri, kwa hiyo vijana wetu Wakatoliki ni wachache na wanapendana sana. Mwisho wa mwaka wakaniambia, "Frateri, tunataka bahari." Wengi walikuwa hawajaiona kabisa. Tukachanga, tukapata Kosta ya kukodi, tukakubaliana: tutaondoka Jumamosi baada ya Noeli, tulale Tanga, tusali Misa ya Jumapili pale, kisha twende Pangani tukaogelee.

Pangani niliichagua mimi, na sababu yake bado naipenda. Maji yanayoshuka Meru na kupita hapa kwetu Usa yanaingia Mto Kikuletwa. Kikuletwa unakutana na Mto Ruvu unaotoka upande wa Kilimanjaro katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo unakwenda Mto Pangani, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, ndipo unamwaga baharini. Yaani maji tunayofulia kanzu za watumishi wa altare ndiyo yanayofika Pangani. Niliwaambia, "Tunakwenda kuyasalimia maji yetu."

Shida ilianza kwenye njia.

Kutoka Makumira hadi Same hakuna ubishi: Moshi, Himo, Mwanga, Same, lami tupu. Lakini Same njia zinagawanyika. Barabara kuu inapita magharibi mwa Milima ya Upare, kwa Makanya na Hedaru, hadi Mkomazi na Mombo. Ile nyingine inazunguka mashariki mwa milima hiyohiyo: Kisiwani, Gonja, Ndungu, kisha inatokea Mkomazi na kuungana na barabara kuu. Ni kama kilomita 100, na wakati ule sehemu kubwa ilikuwa changarawe. Lakini uzuri wake, jamani! Mkono wa kulia milima inasimama kama ukuta wa kijani, mkono wa kushoto ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, nyika mpaka macho yachoke. Ukifika Ndungu unakuta mashamba ya mpunga katikati ya ukame. Niliwahi kupita mara moja nikiwa nyuma ya pikapu, sikusahau.

Basi tukakaa ukumbini kujadili. Kundi moja lilitaka lami, tuwahi bahari. Kundi la pili lilitaka Kisiwani. Kijana mmoja akasema turushe sarafu, wote wakacheka, na mimi nikapata nafasi ya kuonyesha elimu yangu. Nikawasimulia habari ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola mwaka 1522, akiwa njiani kwenda Montserrat. Alikuwa amebishana na Mwislamu mmoja juu ya Bikira Maria, akabaki na hasira, hajui amfuate akamchome kisu au aache. Alipofika njia panda akamlegezea nyumbu wake hatamu: nyumbu akifuata njia ya kijijini, atamfuata yule mtu, na akishika barabara kuu, atamwacha. Njia ya kijijini ilikuwa pana na nzuri, lakini nyumbu akashika barabara kuu. Watu wa lami wakapiga makofi. (Ignasi mwenyewe baadaye akafundisha kupambanua roho kwa sala na uchunguzi mrefu. Nyumbu hakumtumia tena.)

Nilipoona naanza kushindwa kwa hadithi yangu mwenyewe, nikatoa silaha kubwa. Nikasoma Kutoka 13. Mungu anawatoa Waisraeli Misri, na kuna njia fupi, ile ya nchi ya Wafilisti. Hakuwapitisha huko. Aliwazungusha kwa njia ya jangwani kuelekea Bahari ya Shamu. "Mnaona?" nikasema. "Mungu mwenyewe alipowapeleka watu wake baharini alichagua njia ndefu!" Ukumbi ukalipuka. Tukapiga kura, Kisiwani ikashinda.

Dereva wetu, mzee wa makamo mwenye maneno machache, alikuwa amekaa mlangoni. Akasema tu, "Mvua ikinyesha huko milimani usiku, ninyi huku chini mtaona jua, lakini makorongo yatajaa." Nikamjibu kwa adabu kwamba tunamtegemea Mungu. Nikiikumbuka sentensi hiyo, naona aibu.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Same tulifika mapema, tukanywa chai, tukakata kushoto. Saa ya kwanza ilikuwa kama nilivyoahidi, vijana wakaimba hadi sauti zikakauka. Halafu tukafika kwenye korongo, maji mekundu yanakimbia kwa nguvu kutoka milimani, na juu yetu hakuna hata wingu. Dereva akazima gari. Hakusema "niliwaambia." Tukasubiri. Jua likapanda, joto likawa kali ndani ya gari, maji ya kunywa yakaanza kupungua.

Saa saba hivi dada mmoja wa kwaya akaanza kulia kimyakimya, ameshika miguu. Nikadhani amechoka. Mwenzake akaninong'oneza: ana seli mundu. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Na tangu alfajiri alikuwa hanywi maji, kwa sababu aliona aibu kuwa yeye ndiye wa kusimamisha gari kila mara kuchimba dawa, mbele ya wavulana, porini. Wenye ugonjwa huo wanaambiwa kila siku wanywe maji mengi, wasichoke, wasipigwe na joto wala baridi. Sisi tulimpa uchovu, joto na kiu kwa pamoja, halafu tukamwimbia.

Tuligeuza gari. Kurudi Same ilikuwa kilomita zilezile, lakini sijawahi kusali rozari ndefu kama ile. Hospitali walimpokea, wakamtundikia maji, wakampa dawa ya maumivu. Daktari akasema maisha yake hayako hatarini, lakini safari yake imeishia hapo. Mama mlezi wetu akabaki naye. Sisi tukalala Same, tukasali Misa ya kwanza Jumapili, tukashika lami. Bahari tuliiona saa kumi na moja jioni, mlangoni pa mto, mahali maji ya Meru yanapoingia kwenye chumvi. Vijana wakafurahi, na walistahili. Mimi nilikaa mchangani na viatu vyangu.

Jumatatu tulipompitia, nilimwomba msamaha. Nikamuuliza, "Dada, kwa nini hukusema ukumbini?" Akanijibu bila hasira: "Frateri, ulikuwa unasoma Biblia. Ningebishana na Biblia?"

Hapo ndipo nilipoisoma tena Kutoka 13, safari hii mpaka mwisho wa aya. Isomeni nanyi. Andiko linatoa sababu ya ile njia ndefu, na wala si mandhari. Mungu alihofu kwamba wale watu wakikutana na vita watakata tamaa na kurudi Misri. Aliwapima uoga wao, watu waliotoka utumwani juzi, wasio na mazoezi ya vita, ndipo akachagua njia ambayo wao wangeimudu. Mimi nilichukua jibu la Mungu nikaacha swali lake. Kwa kundi letu, njia ya kutuepusha na vita ilikuwa ya Hedaru, yenye lami, maduka na vyoo.

Sasa Mwanzo 33. Esau anamwalika Yakobo wafuatane. Yakobo anamwomba kaka yake atangulie, kwa kuwa watoto ni wadogo na mifugo inanyonyesha, na wakiswagwa kwa nguvu siku moja tu, wanyama watakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Ni kweli Yakobo alikuwa na hofu yake pia kwa Esau, na wafafanuzi wanapenda kulisema hilo. Lakini kipimo cha mwendo ni kizuri hata kama aliyekitaja ana wasiwasi moyoni.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye nilimfanyia mtihani nikafaulu, anasema busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru jambo litendeke (Summa, II-II, swali la 47). Sisi tulipiga kura, nami nikadhani kura ni shauri. Kura inahesabu waliosema tayari. Haimfikii aliyenyamaza. Na katika swali la 49 Tomaso anaweka usikivu wa mwanafunzi kuwa sehemu ya busara: hata mwenye elimu anahitaji kufundishwa na wazee wenye uzoefu, na maneno yao yapewe uzito hata pale wasipotoa uthibitisho. Dereva wetu hakuwa na uthibitisho. Alikuwa na miaka mingi barabarani.

Wengine mtaniuliza: kwa hiyo kutafuta uzuri ni dhambi? Hapana. Tomaso huyohuyo anatetea michezo na mapumziko, na anakumbusha kisa cha mtume Yohane na upinde: upinde ukivutwa bila kulegezwa, utavunjika. Njia ya Kisiwani bado ni nzuri, na nikipata gari imara na siku kavu nitapita tena. Kosa langu lilikuwa kuutaka uzuri ule kwa ajili ya kumbukumbu yangu, halafu kuuvisha kanzu ya Neno la Mungu ili asiwepo wa kunipinga. Katika vikundi vyenu jiulizeni hili, kwa majina ya kimoyomoyo: ni nani hunyamaza kila ninapotaja andiko?

Mwezi Julai tunakwenda tena. Safari hii dereva alizungumza wa kwanza. Kisha kila mmoja akaandika kwenye karatasi, bila jina, jambo litakalomsumbua njiani. Mmoja anatapika kwenye kona. Wawili hawana hela ya chakula, na mfuko wa kikundi umelibeba hilo. Mmoja anaogopa mwendo wa usiku kwa sababu ya ajali iliyomchukua baba yake. Tutapita barabara kuu, tutaondoka kukipambazuka, na yule dada wa kwaya anakuja. Atakaa siti ya mbele karibu na dereva, na ndiye tuliyemkabidhi orodha ya vituo vya kuchimba dawa.