WABEBAJI WA ELIMU: WOSIA KWA VIJANA WANAOMALIZA SEKONDARI

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyempa mwanadamu akili na akamnyanyua kwa elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Kila mwaka, katika siku za joto kali, matokeo ya mitihani ya darasa la kumi na mbili hutangazwa. Katika mitaa ya Maskati, kuanzia Matrah na Ruwi mpaka Al-Khuwair na Sib, nyumba hugawanyika mafungu mawili. Nyumba moja inapika halua, wageni wanaingia na kutoka, na kahawa haikauki katika dele. Nyumba ya jirani mapazia yameteremshwa, na mama anajibu simu kwa sauti ya chini. Somo hili ni la nyumba zote mbili, kwani kijana wa nyumba ya kwanza aweza kuipoteza elimu yake baada ya kusifiwa, na kijana wa nyumba ya pili aweza kuipata baada ya kulia.

1. Chumba cha chini katika mji wa Basra

Miongoni mwa walimu wakubwa waliotajwa katika historia ya Ibadhi ni Imamu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima. Alikuwa ni mtu wa tabaka la chini, si mwana wa ukoo wenye nguvu, na riziki yake aliipata kwa kazi ya mikono, kusuka makapu. Watawala wa zama zake hawakupenda mafundisho yake. Alipata kufungwa gerezani katika siku za Hajjaj. Kwa hiyo alisomesha kwa siri, katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Imepokewa kwamba mlangoni paliwekwa mnyororo. Ukitikisika kwa kuja mgeni, somo lilikoma na mikono ikarejea katika makapu. Mgeni akipita, somo liliendelea.

Katika chumba hicho walikaa wanafunzi waliotoka mbali. Kutoka Maghribi walikuja wanne: Abdurrahman bin Rustam, Asim As-Sadrati, Ismail bin Darrar Al-Ghadamsi na Abu Daud Al-Qibilli. Walisoma miaka mitano, na aliungana nao Abu Al-Khattab, mtu wa Yemen. Kutoka Oman nako walikuja watu, nao ni kama Musa bin Abi Jabir wa Izki, Bashir bin Al-Mundhir wa Nizwa na Munir bin An-Nayyir wa Ja'lan. Wote hawa, wa mashariki na wa magharibi, historia imewapa jina moja: wabebaji wa elimu.

Jina hilo lastahili kutazamwa. Hawakuitwa wenye elimu, wala mabingwa wa elimu. Waliitwa wabebaji. Mwenye kubeba hubeba cha mtu, na hukipeleka mahali. Kijana anayetoka skuli na shahada mkononi, basi naye ni mbebaji. Na swali la kwanza linalomkabili si kwamba amepata asilimia ngapi, bali ni kwamba anampelekea nani kile alichokibeba.

2. Maswali ya siku ya kuagana

Siku ya kuondoka ilipofika, na wanafunzi wa Maghribi wako tayari kwa safari, Ismail bin Darrar alimsogelea mwalimu wake akamuuliza juu ya mambo ya hukumu. Akauliza tena, na tena, mpaka maswali yakafika, kama ilivyopokewa, mia tatu. Mwalimu akastaajabu, akamuuliza iwapo anataka kuwa kadhi. Mwanafunzi akajibu kwa kumuuliza itakuwaje iwapo atapewa mtihani huo.

Mambo yakawa hivyo hivyo. Mwaka 140 wa Hijra Abu Al-Khattab alifanywa imamu katika nchi ya Tripoli, na Ismail bin Darrar akawa kadhi wake. Maswali ya siku ya kuagana yakawa ndiyo akiba ya siku ya kuhukumu.

Hapa pana funzo kwa mhitimu wa leo. Aghalabu, mtihani wa mwisho unapokwisha, vitabu hutupwa na walimu husahauliwa siku ile ile. Ismail alifanya kinyume: alipomaliza kusoma ndipo alipozidisha kuuliza, kwa sababu alikuwa anaufikiria mzigo utakaomngoja. Kijana mwenye busara huwaendea walimu wake kabla hawajatawanyika kwa likizo. Huwaomba radhi kwa aliyowakosea, na huuliza: ni wapi udhaifu wake? Ni somo gani atalihitaji mbele ambalo hakulishika vyema? Anayekwenda chuo kikuu atakutana na mwaka wa matayarisho, na wengi hukwama hapo kwa sababu ya lugha ya Kiingereza na hesabu, si kwa upungufu wa akili. Miezi ya kiangazi inatosha kuziba ufa huo, ikiwa kijana ameujua mapema. Na Mtume mwenyewe (S.A.W.), pamoja na daraja yake, aliamrishwa katika Surat Taha amuombe Mola wake amzidishie elimu. Basi nani baada yake awezaye kusema kwamba amehitimu?

3. Kila mmoja na kazi yake

Wale watano walisoma chumba kimoja kwa mwalimu mmoja, lakini hawakuwa kitu kimoja. Abu Al-Khattab alikuwa imamu. Ismail alikuwa kadhi. Abdurrahman bin Rustam alikuwa liwali wa Qayrawan, kisha baada ya misukosuko mikubwa akasimamisha dola katika mji wa Tahert. Lau wote wangelitaka uimamu, hakuna ambacho kingelisimama.

Jamii ya Maskati, na hasa familia zilizotoka Afrika ya Mashariki, zina mazoea ya kuzitukuza kazi mbili au tatu, udaktari na uhandisi zikitangulia, na kuzidharau nyingine. Kijana hujaza orodha ya masomo ya chuo kwa kutazama uso wa baba yake au maneno ya majirani. Matokeo yake ni mtu anayesoma miaka mingi kitu asichokipenda wala kukiweza. Uislamu umeamrisha mashauriano, na mashauriano ni pande mbili: mzazi husema alilolijua kwa umri, na kijana husema analolijua kwa nafsi yake. Baada ya hapo huswali Istikhara, akakata shauri, na akamtegemea Mola wake. Fundi stadi wa umeme, muuguzi mwaminifu na mwalimu wa watoto wadogo, wote hao ni wabebaji.

4. Kwa yule aliyekosa asilimia

Nyumba iliyoteremsha mapazia nayo ina haki ya kusemeshwa. Matokeo mabaya ni msiba, wala si vyema kumwambia kijana kwamba hayana uzito. Lakini uzito wake una mpaka. Mtihani umepima masomo kadhaa katika siku kadhaa. Haukupima mwisho wa mtu.

Katika wilaya ya Rustaq alizaliwa mtoto ambaye alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili alipofuka macho. Kwa desturi ya zama zile mtoto kipofu angeliweza kuachwa pembeni. Yeye alishika njia ya elimu kwa masikio na kwa moyo. Alisoma Rustaq, kisha akahamia Sharqiya, akatunga vitabu kwa kuwasomea waandishi, na kikiwemo kitabu cha historia ya Oman, Tuhfat Al-A'yan. Huyo ndiye Sheikh Nuruddin As-Salimi, aliyefariki mwaka 1914. Mlango mkubwa kabisa wa kuingilia elimu, nao ni macho, ulifungwa mbele yake. Akatafuta mlango mwingine akaupata.

Basi kijana aliyekosa nafasi hana budi kufanya mambo matatu. Kwanza, aikubali kadari bila ya kuifanya kisingizio: ajiulize kwa unyofu kama alisoma au alilala. Pili, aulize njia zilizobakia: kuurejea mtihani, chuo cha ufundi, au kazi ambayo kwayo ataendelea kusoma jioni. Tatu, asijitenge. Shetani humwendea aliye peke yake, na aibu ikikaa na mtu chumbani muda mrefu humfanya aamini kwamba yeye ni aibu yenyewe.

5. Elimu haitaifishwi

Vijana wengi wanaozungumza Kiswahili mjini Maskati ni wajukuu wa watu walioona mali ikiondoka kwa siku moja. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, ziko familia zilizopoteza mashamba, maduka na nyumba, zikatawanyika katika nchi mbalimbali. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi, wengi wao walirudi wakiwa na mifuko mitupu na vyeti vya skuli.

Oman ya mwaka ule ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, na wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilichoko Al-Khoudh hakikufunguliwa ila mwaka 1986. Katika upungufu huo, wale waliosoma Afrika ya Mashariki wakawa walimu, wauguzi, makarani na wahandisi. Na wengi wao, hali ni watu wazima wenye watoto, iliwabidi wakae tena kama wanafunzi kujifunza kuandika Kiarabu. Shamba la karafuu lilitaifishwa. Elimu iliyokuwa kichwani haikupatikana wa kuitaifisha.

Kijana asiyeijua habari hii amwendee babu yake au bibi yake kabla hajajaza fomu ya chuo, na amuulize kwa Kiswahili, lugha ambayo mzee huyo huifungulia moyo. Bibi aliyesoma kwa taa ya mafuta ana la kumwambia msichana anayedhani kwamba masomo yake ni mapambo ya kungojea ndoa.

6. Mzigo wa safari

Baadhi ya wahitimu watabaki Maskati. Wengine watakwenda Nizwa, Sohar au Salalah. Wengine watavuka bahari. Na watoto wa wazazi waliokuja Oman kikazi watarejea Tanzania au Kenya. Popote aendapo, mbebaji ahakikishe mambo haya yamo katika mzigo wake:

Swala kwa wakati wake. Nyumbani palikuwa na mama wa kuamsha. Bwenini hakuna mama. Alfajiri ya kwanza ya ugenini ndiyo itakayoonyesha kama kijana alikuwa anamwabudu Mola wake au alikuwa anamridhisha mzazi wake.

Marafiki wachache walio wema. Mtu huchukua rangi ya anaokaa nao kabla hajatambua.

Uaminifu katika mtihani na katika kazi. Jibu lililoibwa leo litakuwa mgonjwa asiyetibiwa kesho.

Hadhari ya deni. Mshahara wa kwanza na posho ya kwanza huleta wauzaji wa magari kwa mkopo. Kijana asijifunge miaka mitano kwa furaha ya wiki mbili, wala asiingie katika riba kwa sababu ya kuonekana.

Unyenyekevu. Luqman, kama ilivyoelezwa katika sura yenye jina lake, alimuusia mwanawe imani na swala na subira, kisha akamkataza kuwageuzia watu uso kwa kiburi, na akamhimiza ashushe sauti yake. Nasaha hizo za mwisho zinamhusu sana aliyepata shahada.

7. Shahada na vitendo

Maulamaa wa Ibadhi wamefundisha tangu kale kwamba imani haitimii kwa kauli peke yake. Ni kauli na itikadi na vitendo, na atamkaye kwa ulimi kisha akapuuza faraidhi hajatimiza ahadi yake. Cheti cha skuli nacho kwa Kiswahili huitwa shahada, nalo ni jina la haki. Karatasi ile inamshuhudia kijana kwamba anajua. Vitendo vyake vya miaka ijayo ndivyo vitakavyoisadikisha au kuikadhibisha. Na imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mja ataulizwa Siku ya Kiyama juu ya ujana wake aliumalizia wapi, na juu ya elimu yake aliifanyia nini.

8. Wajibu wa wazazi

Mzazi asimlinganishe mwanawe na mtoto wa shangazi yake mbele ya watu. Asiifanye karamu ya kufaulu kuwa deni. Asimzuie binti mwenye uwezo, wala asimwachie mwana wa kiume bila ya kumuuliza. Na siku ya kuagana, Abu Ubayda alikubali kujibu maswali hata safari ikiwa imekwisha andaliwa. Basi baba naye atenge jioni moja, azime televisheni na simu, amwache mwanawe aulize mpaka achoke.

Maswali ya mazungumzo nyumbani

1. Kwa nini wanafunzi wa Basra waliitwa wabebaji wa elimu, na kijana wa nyumba hii ataipeleka wapi elimu yake?
2. Ni maswali gani ambayo mhitimu angependa kuwauliza walimu na wazazi wake kabla ya kuondoka?
3. Ni nini kilichobakia na wazee wa familia hii baada ya kupotea mali?
4. Ni nani katika jamaa au majirani aliyekosa mwaka huu, na nani atakwenda kumtembelea?

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, awape subira waliokosa na shukrani waliopata, na awarejeshe kwa wazazi wao na mizigo yao ikiwa salama. Amin.