Mchezo wa Askari Watano na Ulinzi wa Usiku

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wazee wengi hulidharau kwa kuwa ni mchezo, na vijana wengi hulipenda kwa sababu iyo hiyo. Ni ile michezo ya video ambayo ndani yake watu kadhaa hushirikiana, kila mmoja na bunduki yake ya picha, wakipambana na wanyang'anyi. Walimu wa sharika, ninyi mnaokaa na vijana jioni, yafaa mjue mchezo huo ni kitu gani kabla ya kuusifu au kuukataza. Maana mtu akatazaye asichokijua huchekwa mara agezapo kisogo.

Kwa ajili ya wale wasiopata kuuona, mchezo wenyewe huwa hivi. Mchezaji hukaa mbele ya kioo cha kompyuta, au cha televisheni, naye huona picha kama kwamba anatazama kwa macho ya askari: mikono yake mbele, silaha mkononi, mlango umefungwa. Akibonyeza huku askari huenda, akibonyeza kule hugeuka. Wenzake nao, kila mmoja mbele ya kioo chake, pengine mji mwingine, pengine nchi nyingine, wameunganishwa kwa intaneti na wanasemezana kwa vipaza sauti vidogo. Mmoja hulinda mlango wa nyuma, mmoja hutazama madirishani, wawili huingia. Wasiposemezana hushindwa. Vibanda vya miji yetu midogo, ambamo vijana hulipa shilingi chache, hupenda zaidi mpira wa miguu wa picha. Lakini michezo ya risasi nayo ipo humo, na katika simu zao imejaa.

Si yote ya namna moja. Upo mmoja uitwao Payday 2, uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Sweden iitwayo Overkill. Humo wachezaji wanne wenyewe ndio wanyang'anyi, huvaa vinyago na kuvunja benki. Huo hatutausemea zaidi. Twataka kuwaeleza habari za ule mwingine, ambamo wachezaji ni askari, kwa sababu una jambo ndani yake tusilolitazamia.

Asili yake ni ya Marekani. Mwaka 1987 kampuni ya Sierra ilitoa mchezo uitwao Police Quest. Aliyeutunga, Jim Walls, alikuwa zamani askari wa barabara kuu za California, naye aliutia taratibu za kazi yake. Mchezaji aliyeingia katika gari la polisi akaondoka bila kwanza kulizunguka na kulikagua, safari yake iliharibika pale pale na mchezo ukaisha. Vijana walikasirika sana, twasikia, lakini walijifunza kulizunguka gari. Baadaye kampuni hiyo ilimchukua Daryl Gates, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Los Angeles, awe mshauri, na mchezo wenye jina lake ukatoka mwaka 1993. Nani asiyejua habari za Los Angeles za miaka hiyo? Mwezi wa Machi 1991 askari wa mji huo walimpiga Rodney King kando ya barabara, na mtu mmoja akalinasa tendo hilo katika kamera yake. Aprili 29, 1992, mahakama ilipowaachilia askari hao, mji uliwaka moto siku kadhaa, wakafa watu zaidi ya 50. Gates aliacha kazi mwaka ule ule. Ni ajabu kidogo kwamba kutoka mkono huo ndipo ulipozaliwa ukoo wa michezo ya SWAT, ambao sifa yake kubwa ni kumzuia askari asipige ovyo.

Maana katika SWAT 4, uliotoka mwaka 2005, na katika mrithi wake uitwao Ready or Not, uliokamilika Desemba 2023, ushindi hauhesabiwi kwa maiti. Askari watano huingia nyumbani mwa wahalifu. Hupeleka kwanza kioo kidogo chini ya mlango wapate kuona aliye ndani. Hutia kabari mlango wasioutaka ufunguliwe nyuma yao. Wakimkuta mtu mwenye silaha hupaza sauti: weka chini, piga magoti! Akiitii, hufungwa mikono, na habari yake hupelekwa kwa wakubwa kwa redio. Hata raia asiye na hatia hufungwa mikono kwanza, kwa kuwa gizani hakuna ajuaye nani ni nani. Mchezaji akimpiga risasi mtu ambaye hakuinua silaha, hukatwa alama, hata kama mtu huyo ni mnyang'anyi kweli. Atakaye alama ya juu kabisa hana budi kuwatoa wote wakiwa hai. Tena bunduki za wahalifu na vitu vya ushahidi vilivyolala sakafuni lazima viokotwe kabla ya kuondoka, la sivyo kazi haikutimia. Na mchezaji anayekiongoza kikosi peke yake huwaona askari wake wakilemewa rohoni kwa sababu ya mauaji waliyoyafanya, hata wakahitaji kupelekwa kwa mshauri.

Basi tuyaache ya vioo, tuje kwetu.

Wakazi wa Omurushaka hawahitaji kufundishwa na picha nini maana ya kuamshwa usiku. Mahali petu ni njia panda: gari lipandalo kwenda Kayanga hupita hapa, na liendalo Nkwenda hata Murongo, penye mpaka wa Uganda, huachana na lenzake hapa hapa. Penye njia panda pana soko, na penye soko pana fedha, hasa msimu wa kahawa. Na mwizi naye ajua kalenda ya kahawa kama mkulima. Tena nchi hii ya Kagera imepita katika mambo mazito. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa mkoa wetu. Vita vilipokwisha mwaka 1979, bunduki zilibaki mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Mwaka 1994 walikuja wakimbizi wa Rwanda kwa mamia ya maelfu, katika Ngara na Karagwe, wakakaa hata Desemba 1996. Wengi wao walikuwa watu wa taabu waliokimbia kifo, na haifai kuwatia wote katika kapu moja; lakini pamoja nao zilivuka silaha, na miaka mingi baadaye mabasi yalipita katika misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na askari. Mwaka 2013 serikali ilifanya Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwatafuta wenye silaha na wakaao bila ruhusa.

Katika miaka ile baada ya vita vya Amin, ndipo watu wa Unyamwezi na Usukuma walipoanzisha sungusungu. Ilikuwa kama mwaka 1981 na 1982, nayo ilianza katika pande za Kahama. Ng'ombe walikuwa wakiibwa kwa bunduki, na polisi walikuwa mbali. Watu wakachukua pinde na mishale, kila mtu akavaa filimbi shingoni, na filimbi ikipigwa kijiji kimoja hujibiwa na kijiji cha pili, na cha tatu, hata mwizi hana pa kutokea. Yafaa tuwasifu kwa haki: kijana wa leo akistaajabia watano wanaosemezana kwa redio, na ajue kwamba babu zake waliwaunganisha watu elfu kwa filimbi. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, sungusungu wakapata uwezo wa kukamata kwa sheria.

Walakini habari zao zina upande wa pili. Sungusungu wa mwanzo hawakukamata wezi tu. Walipiga watu ili waungame, na waliwaandama wanawake wazee waliosingiziwa uchawi. Wengine wao walishtakiwa mahakamani kwa mauaji. Ulinzi uliozaliwa ili kuzuia kumwaga damu ulimwaga damu, kwa sababu aliyekamata ndiye aliyehukumu, na aliyehukumu ndiye aliyeadhibu, yote kabla ya jua kuchomoza.

Na jambo hilo halikuisha. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake za mwaka hata mwaka, kimehesabu mamia ya watu waliouawa na makundi ya raia. Magazeti huandika tu kwamba mtu ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira kali ni mtu mwenye jina na nyumba. Sisi twachukizwa na maneno hayo. Walioshika mawe walikuwa na majina, na baadhi yao, tusifichane, majina yao yamo katika vitabu vya sharika.

Hapa ndipo twaona mchezo ule una la kutufundisha, na una la kutudanganya pia. La kutufundisha tumelisema: kwamba kazi ya mlinzi hutimia mtu akiwa amefungwa na yu hai. Kijana aliyecheza saa mia, akikatwa alama kila mara kwa kumpiga aliyekwisha kuinua mikono, pengine mkono wake utasita siku moja pale sokoni. Hatusemi yakini, twasema pengine.

La kutudanganya ni hili. Ndani ya mchezo, mtunzi amekwisha kujua nani mhalifu. Amemwandika hivyo kabla mchezaji hajaugusa mlango. Hakuna hata mmoja aliyewekwa mle kwa sababu jirani yake amegombana naye juu ya mpaka wa shamba la migomba, au kwa kuwa ni mgeni asiyejua kusema Kinyambo vema, au kwa kuwa alikuwa akipita usiku akitoka kumwuguza mama yake. Kwetu wote hao wamo. Nduru ikilia, watu elfu hutoka, na aliyepiga nduru mara nyingi ni mmoja tu, naye aliona mgongo wa mtu akikimbia. Tena katika mchezo, aliyekosea hubonyeza mahali, na maiti husimama, na nyumba huanza upya.

Pengine kijana atauliza: Je, sheria yasemaje? Ajibiwe kwa urahisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yampa hata raia asiye askari ruhusa ya kumkamata mtu atendaye kosa zito mbele yake. Lakini yamwamuru amkabidhi kwa polisi bila kukawia pasipo sababu. Nguvu itumike kiasi cha kumshika, isipite hapo. Aliyekwisha kufungwa kamba hana ambalo nguvu zaidi yamtendea ila kumwua. Na mtu akimwua kwa kusudi, sheria ya nchi haimpunguzii neno kwa kuwa aliyekufa alikuwa mwizi, wala kwa kuwa walikuwa wengi.

Atauliza tena, na hili ndilo swali lenye uzito, nasi hatutaki kulipita upesi kama wafanyavyo wahubiri wengine: Tukimpeleka polisi, je, kesho hatumwoni sokoni akitucheka? Naam, huonekana, na wenye kuibiwa huumia. Lakini tulitazame jambo hili vema. Kutolewa kwa dhamana si kuachiliwa. Kesi yake yaendelea, naye anadaiwa kurudi mahakamani. Na anyang'anyaye kwa silaha hana dhamana kabisa, na adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30. Kwa nini basi kesi nyingi huanguka? Mara nyingi ni kwa sababu siku ya kusikilizwa hakuja mtu. Usiku ule walitoka watu elfu na mapanga. Siku ya shauri, aliyeibiwa amekwenda mnadani, shahidi wa pili ameogopa, wa tatu amedai nauli, na hakimu ana karatasi tupu mbele yake.

Kwa hiyo walimu wa sharika wasiwaambie vijana tu, msiue. Wawafundishe pia kazi iliyobaki baada ya kukamata. Mmoja miongoni mwao awe amewekwa tangu mchana, kwa shauri la mwenyekiti wa kitongoji, kuwa msemaji wa zamu, na neno lake lisikilizwe wengine wakipandwa na hasira. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wapigiwe simu kabla ya kikundi kukua. Aliyekamatwa aketishwe chini, penye taa, watu wazima wawili wamsimamie, na umati usogezwe nyuma. Panga alilokamatwa nalo lisipokezanwe mkono kwa mkono, wala lisitupwe. Gunia la kahawa lisirudishwe ghalani usiku ule ule kwa furaha ya kulipata, wala pikipiki isichomwe moto. Hivyo ndivyo vitu ambavyo askari wa picha hukatazwa kuondoka bila kuviokota. Na kila aliyeona kwa macho yake, si aliyesikia, aandikwe jina lake na saa aliyoona, ili siku ya shauri ajulikane ni nani wa kupelekewa mtu asubuhi kumwita, na ni nani wa kuchangiwa nauli.