Mwendo wa Ndege na Sala ya Msafiri

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na ahali zake na masahaba zake.

Ama baad: hii ni mas-ala ya mtu atokaye Mkula, katika bonde la Kilombero, akaenda Dar es Salaam kupanda ndege mpaka Jidda kwa haji au umra.

Suala: Ndege hukata njia kwa saa chache, na msafiri hakuona mashaka. Je, yafaa akusuru sala?

Jawabu: Yafaa. Kitazamwacho katika madhehebu ya Imamu Shafii ni urefu wa njia, si urefu wa muda. Mpaka wake ni marhala mbili, nazo ni farsakh 16, yaani maili 48 za Kihashimu, karibu kilomita 81 kwa hesabu mashuhuri. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amebainisha katika Minhaj kuwa bahari ni kama bara, hata mwenye kuikata masafa hayo kwa saa moja hukusuru. Basi na angani ni vivyo hivyo. Na kutoka kiwanja cha Dar es Salaam mpaka cha Jidda ni karibu kilomita 3,160, nayo ndege iendayo moja kwa moja hutumia kiasi cha saa 4 na nusu.

Suala: Ruhusa huanza wapi?

Jawabu: Apitapo nyumba za mwisho za Mkula, si apandapo ndege. Akifika Dar es Salaam, hutazamwa nia yake. Akinuia kukaa siku 4 kamili, pasipo kuhesabu siku ya kuingia wala ya kutoka, safari imekatika, naye atatimiza rakaa 4. Akinuia chini ya hizo, hukusuru.

Na aliyekatikiwa na safari hapo asikusuru kiwanjani, wala asitangulize alasiri pamoja na adhuhuri. Kwani kiwanja kimo ndani ya majengo ya mji, na safari yake mpya haijaanza.

Suala: Ndege ikiondoka saa 8 mchana, mtu huyo atafanyaje?

Jawabu: Atasali adhuhuri rakaa 4 kabla ya kupanda. Alasiri itamkuta angani, na kushuka ni kama saa 12 na nusu jioni. Asiiakhirishe mpaka magharibi, kwani hizo hazijumuishwi. Ataisali ndani ya ndege rakaa 2, kwa kusimama na kuelekea Kibla, nacho kipo upande wa kaskazini. Akishindwa, atasali kama awezavyo kwa heshima ya wakati, kisha atairudia ashukapo.

Tanbihi: Miji hii miwili i karibu katika longitudo moja, na saa zake ni moja; lakini kuchwa kwa jua hutofautiana. Mwezi wa Juni jua huchwa Dar es Salaam kiasi cha saa 12 na robo, na Jidda baada ya saa 1. Basi aliyefunga asifuturu kwa saa ya alikotoka, bali kwa kuchwa kwa jua pale alipo.

Wallahu aalam.