Kahawa Chungu Haikati Sukari

Hapa Ihanja kahawa hailimwi. Nchi yetu ni ya mtama, uwele na alizeti, na kahawa tunayokunywa hutoka mbali, Kagera au Kilimanjaro. Lakini pamoja na kikombe husikika maneno haya: eti mwenye kisukari akinywa kahawa chungu, ule uchungu huikata sukari ya chakula. Mtu akiamini hivyo ni rahisi kuacha vidonge vyake, na hapo ndipo penye hatari. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili.

Tukila ugali, wanga wake hugeuka sukari utumboni, kisha sukari hiyo huingia katika damu. Kongosho, kiungo kilichoko nyuma ya tumbo, hutoa insulini, nayo huifungulia sukari njia ya kuingia katika misuli, ikawe nguvu ya kulimia na kutembea. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kiwapatacho watu wazima wengi, mwili huitikia insulini kwa uzito, na sukari hubaki ikizunguka katika damu.

Uchungu wa kahawa huishia ulimini. Kinachofanya kazi ndani ni kafeini, ile ile inayofukuza usingizi. Kafeini huongeza adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa pia tunapokutana na nyoka shambani. Kwa muda wa saa kadhaa misuli huzidi kuwa mizito kuitikia insulini. Basi badala ya kukatwa, sukari ya ugali hukawia katika damu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwapa kafeini wagonjwa 14 wa kisukari cha aina ya pili, wote wakiwa wazoefu wa kahawa. Kabla ya kula, sukari yao haikubadilika. Baada ya kula, ilipanda kupita siku isiyo na kafeini, zidio la 21 katika kila 100, na insulini nayo ikapanda. Hata wazima huguswa: mwaka 2020, katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, watu 29 waliokuwa wameamshwa-amshwa usiku walikunywa kahawa chungu kabla ya kinywaji kitamu cha asubuhi. Sukari yao ilipanda kwa karibu nusu zaidi kuliko walipokosa kahawa hiyo.

Msomaji makini atasema: mbona tumesikia kwamba kahawa huzuia kisukari? Ni kweli kwamba mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walitangaza habari za watu zaidi ya 17,000, na waliokunywa vikombe saba au zaidi kwa siku walipata kisukari nusu tu ya wale wa vikombe viwili au pungufu. Lakini hao walianza wakiwa hawana ugonjwa, wakafuatwa miaka mingi. Tena kahawa iliyoondolewa kafeini imeonekana kuambatana na nafuu kama hiyo, kwa hiyo huenda sifa ni ya vitu vingine vilivyomo katika buni. Kuzuia ni jambo moja, na kumtibu aliyekwisha kuugua ni jingine.

Hatusemi wagonjwa wote waache kahawa. Miili haifanani. Mwenye kipimo nyumbani ale chakula kile kile siku mbili, siku moja na kahawa, siku nyingine bila, apime saa mbili baada ya kula, aandike, ampelekee mganga wake. Vidonge au sindano asipunguze mwenyewe. Na tusisahau vijiko vitatu vya sukari ndani ya kikombe, pamoja na kashata ya pembeni: hivyo huipandisha sukari kuliko kafeini yenyewe.

Siku ya kupimwa kabla ya kula, mgonjwa anywe maji matupu. Kahawa, hata iwe chungu namna gani, isubiri mpaka kidole kimekwisha kutobolewa.