Mwangwi Gizani: Pomboo, Samaki Wadogo na Kipimo cha Ultrasaundi

Katika visiwa vya Hawaii wako pomboo warukao juu ya maji huku wakijizungusha kama pia. Mchana hupumzika katika ghuba, na jua lichwapo huelekea bahari kuu kutafuta chakula: samaki, kamba na ngisi, wengi wao wenye urefu wa sentimita 2 hadi 10 tu. Viumbe hao hushinda mamia ya mita chini ya maji, na usiku hupanda kuelekea juu. Katika giza hilo macho hayafui dafu. Pomboo hutumia mwangwi, na kanuni ni ile ile itumiwayo na mashine ya ultrasaundi hospitalini.

Sauti ya kuwindia haitoki kooni. Hutengenezwa katika njia za hewa zilizo chini ya tundu la pua, utosini, kisha hupita katika donge la mafuta lililo kwenye paji la uso, ambalo huikusanya na kuielekeza mbele mithili ya kurunzi. Mwangwi urudipo hupokewa na mafuta ya taya la chini, nayo huufikisha sikioni.

Umbali hupimwa kwa muda. Katika maji ya bahari sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde. Hivyo samaki aliye mita 75 mbele hurudisha mwangwi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Pomboo akaribiapo windo, milio yake hufuatana upesi zaidi, hata ikafikia mamia kwa sekunde.

Kinachomfichua samaki zaidi ni hewa. Samaki wengi wana kifuko cha hewa mwilini, na sauti ikutanapo na hewa, karibu yote hurudi. Ngisi, asiye na kifuko hicho, hutoa mwangwi hafifu.

Hewa hiyo hiyo, iliyo msaada kwa pomboo, ni kikwazo kwa mpimaji. Jeli anayopakwa mgonjwa si dawa. Huondoa hewa iliyo kati ya kifaa na ngozi, ambayo ingeirudisha sauti kabla haijaingia mwilini. Gesi ya utumboni nayo huficha kongosho, na ndiyo sababu mojawapo ya kuagizwa kutokula kwa saa kadhaa. Apimwaye nyonga kupitia tumboni huagizwa ajaze kibofu, kwani mkojo hupitisha sauti vizuri na kibofu kilichojaa husukuma utumbo kando. Mgonjwa aliyepewa amri bila sababu huja amekwisha kunywa chai na kula maandazi, akarudishwa nyumbani; kosa hapo si lake peke yake.

Wapo pia wajawazito wanaokikwepa kipimo hiki wakidhani ni eksirei. Ultrasaundi haitumii mionzi hiyo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24, ili umri wa mimba ujulikane na mapacha watambuliwe mapema. Hata hivyo, mawimbi ya sauti huweza kupasha tishu joto. Kwa hiyo kipimo hufanywa na aliyefunzwa, kwa sababu ya kitabibu, na kwa muda unaohitajika tu.