Kutayarisha Ngozi kwa Uchunguzi wa Hadubini

Katika somo lililopita tulijifunza kuwa ngozi ina tabaka la nje na tabaka la ndani, nayo imejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo sana. Seli hizo hazionekani kwa macho matupu. Leo tutajifunza jinsi wataalamu wanavyotayarisha kipande cha ngozi ili seli zake zionekane.

Jaribio
Vifaa: ndizi mbivu, sabuni ya mche, kisu.
Mbele ya mwalimu, menya ndizi, kisha ikate vipande vyembamba kama karatasi. Fanya vivyo hivyo kwa sabuni. Je, umeona tofauti gani? Ndizi hupondeka, bali sabuni hukatika vizuri. Ngozi mbichi ni laini. Kwa hiyo, kabla ya kukatwa, hugandishwa ndani ya nta.

Kwa nini ngozi huchunguzwa?
Ngozi ya mtu mwenye ualbino ina melanini kidogo sana, au haina kabisa. Melanini ni rangi inayoikinga ngozi na jua. Tuseme mtu huyo ana kidonda sikioni kisichopona. Je, ni kidonda cha kawaida au ni saratani? Jibu la hakika hutafutwa kwa hadubini.

Hatua za kazi
1. Daktari hutia ganzi, kisha hukata kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 4 hivi.
2. Kipande hutiwa mara moja katika dawa iitwayo formalini ili kisioze. Chupa huandikwa jina la mgonjwa.
3. Maji yaliyomo huondolewa kwa alkoholi, kwa sababu maji na nta havichanganyiki. Kisha alkoholi huondolewa kwa dawa iitwayo zailini, ambayo huchanganyika na nta.
4. Kipande hutiwa katika nta iliyoyeyushwa. Nta ikipoa, huwa bonge gumu.
5. Bonge hukatwa kwa mashine yenye kisu kikali sana. Vipande 200 vikipangwa kimoja juu ya kingine, unene wake ni kama milimita 1 tu.
6. Kipande kimoja hutandazwa juu ya kioo, nta huondolewa, kisha hutiwa rangi. Viini vya seli huwa vya zambarau, na sehemu nyingine huwa za waridi.

Sasa mtaalamu hutazama kwa hadubini. Katika ngozi yenye afya, seli za tabaka la nje zimejipanga vizuri. Katika saratani, seli hupoteza mpangilio huo, nazo huweza kuvamia tabaka la ndani.

Kumbuka
Formalini ikisahauliwa, ngozi huoza na jibu hupotea. Jina likikosewa, mgonjwa hupewa jibu la mwenzake. Saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema, mara nyingi hupona.

Maswali
1. Kwa nini ngozi hugandishwa ndani ya nta?
2. Formalini ina kazi gani?
3. Eleza kwa nini maji huondolewa kabla ya kutia nta.
4. Ungemshauri nini jirani mwenye kidonda kisichopona?