Urusi na Ukraine: Vita si mpira wa kushangilia

Februari 24, 2022 majeshi ya Urusi yalivuka mpaka na kuingia Ukraine. Tangu hapo, katika vijiwe vya kahawa na hata kwenye baraza za misikiti baada ya swala ya Isha, Waislamu tumekuwa tukiulizana swali moja: tuwe upande gani? Wengi wetu tumeelekea Urusi, na hoja inayotolewa inaeleweka. Marekani na washirika wake waliivamia Iraq mwaka 2003 kwa madai ya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana. Mwaka 2011 wakaishambulia Libya. Na ni Marekani hiyo hiyo iliyoipa Israel silaha za kuwaulia ndugu zetu wa Gaza. Sasa amepatikana mbabe wa kuikomesha, kwa nini tusimshangilie?

Machungu haya ni ya kweli, na anayeyakejeli hatutendei haki. Lakini Muislamu hapimi mambo kwa machungu yake. Katika Surat Al-Maida aya ya 8, Allah (s.w.) ametuamrisha kuwa chuki yetu kwa watu fulani isitufanye tukaacha uadilifu. Tuzingatie hapo: aya haikusema tusichukie dhulma. Imesema chuki isiwe ndiyo mizani. Kama kuivamia Iraq kulikuwa dhulma, basi dhulma haigeuki kuwa haki kwa sababu aliyeifanya safari hii ni hasimu wa Marekani.

Isitoshe, tumesahau upesi. Ni dola ya Kisovieti iliyoivamia Afghanistan mwaka 1979. Ni Stalin aliyewahamisha kwa nguvu Waislamu wa Kitatari wa Crimea mwezi Mei 1944, karibu watu laki mbili, akawapeleka Asia ya Kati, na wengi wakafa njiani na ugenini. Ni majeshi ya Urusi yaliyougeuza mji wa Grozny, Chechnya, kuwa vifusi. Na ni ndege za Urusi zilizopiga mabomu Aleppo mwaka 2016. Mwenye kumbukumbu ya Baghdad na asiwe na kumbukumbu ya Grozny, huyo hatetei Umma, anatetea timu.

Jambo jingine, hata hiyo timu ya Waislamu haipo. Wapo Wachechnya wa Kadyrov wanaopigana upande wa Urusi, na wapo Wachechnya wengine na Watatari wa Crimea wanaopigana upande wa Ukraine. Sheikh Said Ismagilov, aliyekuwa mufti Ukraine, mwaka 2022 alijiunga na ulinzi wa nchi yake. Kwa maana hiyo, kila tunapopiga takbira kwa kombora lililotua, huenda aliyekufa alikuwa ameelekea kibla kile kile tunachoelekea sisi.

Wapo wanaoleta hoja ya Surat Ar-Rum. Wanasema Waislamu wa Makka nao walifuatilia vita vya wakubwa, Warumi na Waajemi, na wakawa na upande. Ni kweli. Waajemi walipowashinda Warumi, washirikina wa Makka walifurahi, wakaona ni dalili kuwa na wao watawashinda Waislamu. Ndipo Qur'an ikatoa habari kuwa Warumi watashinda ndani ya miaka michache, na siku hiyo waumini watafurahi kwa nusura ya Allah. Lakini sura hiyo hiyo inakumbusha kuwa amri yote ni ya Allah, kabla na baada. Furaha ya waumini ilitokana na kuthibiti kwa ahadi ya Mola wao. Waliojenga matumaini yao juu ya jeshi la watu wengine walikuwa ni washirikina. Leo sisi tunafanana na nani?

Na wanaodai kuwa Rumi ya leo ni Urusi kwa sababu ni Wakristo wa Kiorthodoksi, wajiulize: Waukraine walio wengi ni dhehebu gani? Ni Waorthodoksi vile vile, na ni mjini Kyiv ndiko dini hiyo ilikoanzia kwa watu hao wote, mwaka 988. Kuibebesha Qur'an siasa zetu ni jambo la hatari.

Wala tusidhani vita hivi viko mbali nasi. Tutazame Mbulumbulu, wilayani Karatu, kwenye nyanda za juu karibu na Ngorongoro. Huko ni nchi ya ngano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianzisha Upper Kitete, katika ukanda huo huo, makazi ya wakulima wa ngano. Pamoja na hayo, Tanzania hutegemea ngano ya nje kwa sehemu kubwa ya mahitaji yake, na kabla ya vita Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikitoa zaidi ya robo ya ngano iliyouzwa duniani. Vita vilipoanza, mama wa Dar es Salaam akaona unga wa chapati umepanda. Mtu angedhani mkulima wa Mbulumbulu angenufaika. Lakini trekta na kombaini hula dizeli, na mwaka 2022 dizeli ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Mbolea, ambayo bei yake ilikwishaanza kupanda mwaka uliotangulia, ilipita laki moja kwa mfuko wa kilo 50, mpaka serikali ikaweka ruzuku. Mlaji kaumia na mkulima kaumia. Kilichoshangiliwa kijiweni kimelipiwa jikoni na shambani.

Na kuna waliolipa kwa roho. Kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma alifungwa huko, akaahidiwa msamaha akijiunga na kundi la Wagner, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Januari 2023 mwili wake ukarudishwa nyumbani. Novemba 2025 serikali ya Kenya nayo ilisema raia wake zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi.

Basi wajibu wetu ni upi? Kwanza, ni kuhakikisha habari kabla ya kuisambaza, kama tunavyofundishwa katika Surat Al-Hujurat aya ya 6. Pili, ni kuwaonya vijana wetu juu ya ajira za ugenini zenye mishahara minono na mikataba ya lugha wasiyoisoma. Tatu, ni kupenda suluhu. Julai 2022 Uturuki na Umoja wa Mataifa walisimamia mapatano ya Istanbul, na nafaka ya Ukraine ikapita Bahari Nyeusi kwa karibu mwaka mmoja, mpaka Urusi ilipojitoa Julai 2023. Juni 2023 Rais Azali Assoumani wa Komoro, jirani zetu, alikuwa katika ujumbe wa Afrika uliokwenda Kyiv na St. Petersburg kutafuta amani. Ujumbe huo haukuvimaliza vita, lakini ndio mfano tuliotakiwa kuuzungumza vijiweni kuliko idadi ya vifaru vilivyoungua.

Muislamu akiulizwa yuko upande gani, ajibu bila kuogopa: niko upande wa aliyedhulumiwa, awe Gaza, awe Grozny, awe Mariupol. Jibu hilo halipigiwi makofi kijiweni, lakini ndilo tutakaloweza kusimama nalo mbele ya Allah.

Wallahu a'lam.